Kufungua mtambo wa redio wenye volti nyingi ukiwa umechoka

Mafundi wa vituo vya redio mara nyingi hufungua mitambo ya kurushia matangazo usiku wa manane, wakati wasikilizaji ni wachache, yaani saa zile zile ambazo mwili unadai usingizi. Mtu aliyekaa macho kwa takribani saa 17 hupungukiwa umakini kama aliyekunywa pombe, na ubaya zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hajioni hivyo. Kwa hiyo saa ya kuacha kazi iamuliwe na kuandikwa kabla ya kuanza, nayo ikifika, ifuatwe hata kama imebaki skrubu moja.

Amplifaya kubwa ya valvu, yaani sehemu ya mtambo inayokuza nguvu ya mawimbi, huweza kuwa na volti 2000 hadi 4000, na kuizima hakuondoi hatari. Kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) ya mikrofaradi 50 iliyochajiwa kwa volti 3000 huhifadhi jouli 225, kiasi kinachoweza kuua. Ipo rezista (kifaa kinachozuia mkondo wa umeme) ya kuimaliza chaji hiyo taratibu, lakini ikikatika ndani huenda isionyeshe dalili yoyote, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Zima swichi kuu, chomoa plagi au funga swichi kwa kufuli, kisha utie ufunguo mfukoni mwako. Subiri dakika chache. Chukua fimbo kavu isiyopitisha umeme, yenye ndoano ya chuma. Unganisha kwanza waya wake kwenye kasha la mtambo lenye ethi, yaani lililounganishwa na ardhi, ndipo uguse kapasita kwa ndoano hiyo, kwanza kupitia rezista ili kuzuia mlipuko wa cheche, kisha moja kwa moja. Iache ndoano ikining'inia hapo muda wote wa kazi, kwa sababu kapasita kubwa huweza kujirudishia volti baada ya kumalizwa. Mita ya kawaida, ambayo aghalabu huishia volti 600 au 1000, isitumike kupima hapa. Tumia probu (kijiti cha kupimia) ya volti kubwa.

Zisome hatua hizi kwa sauti kutoka kwenye karatasi, kwani kumbukumbu ndiyo ya kwanza kumsaliti aliyechoka. Vua pete na saa. Awepo mwenzako anayejua swichi kuu ilipo na kwamba, ukipigwa umeme, ataukata kwanza kabla ya kukugusa.

Ukirudi asubuhi, anza upya kwenye plagi, maana huenda mtu aliwasha mtambo wakati wewe umelala.