Unasomea udaktari wa mifugo na paka umemuacha Pemba? Mfuge kwa mkono wa bibi

Nilipopata nafasi SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kule Morogoro mtaa mzima kwetu Wete walijua. Masomo yenyewe miaka 5 lakini wao siku ya pili tu nshakuwa dokta, mtu ananifuata na kuku kwapani ati anakoroma, mimi hata begi sijafunga. Paka nilikuwa naye tayari, dume la kijivu nililoliokota bandarini likinuka shombo, na jina likabaki hilohilo, Shombo. Nawaandikia nyie mnaoingia chuo mwaka huu na mnaacha wanyama nyumbani, manake mimi hakuna aliyenambia haya na ningeambiwa mapema yumkini Shombo angekuwepo hadi leo.

La mwanzo kabisa, mwenye paka si wewe. Wewe uko bara semista nzima, unarudi na boti na begi la nguo chafu, unamchezea paka wiki tatu nne, unampiga picha, unaondoka. Anayejua kama leo kala au hakula ni bibi, anayejua kama kalala uani au kalala kwa watu ni bibi. Kwa hivyo mtu wa kumsomesha ni yeye, tena usimsomeshe kwa maneno ya notsi, mwenzio kafuga paka tangu hujazaliwa na paka wake wamezeeka vizuri tu bila ya wewe. Msikilize naye.

Halafu chagua mnyama kwa kuangalia nani anabaki nyumbani. Paka na kuku wa kienyeji wanakwenda, wanajitafutia. Sungura simshauri mtu asiyekuwepo. Kaskazi ikipamba moto sungura aliyefungiwa kwenye kibanda cha bati anakufa kwa joto mchana mmoja tu, na akiacha kula kutwa nzima tumbo linasimama, hiyo ni dharura kubwa, lakini aliye nyumbani ataona leo kashiba. Na asipewe amoksilini ya watu, inaua vijidudu vya tumboni vinavyomsagia majani, anaharisha mpaka anakufa.

Na ukishajulikana unasomea wanyama watoto watakuletea kila kitu. Mimi nimeletewa kinda la popo ndani ya kofia, wale popo wakubwa wetu ambao dunia nzima hawapo isipokuwa Pemba. Yule hafugwi. Usimshike mkono mtupu, usikubali akung'ate, mpelekeni kwa wanaowalinda kule Kidike basi. Mwenzangu mmoja wa Unguja yeye alitamani kobe, kisa kakulia akiwaona wa kisiwa cha Changuu walioanza kuletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, nikamwambia kobe wa aina ile atakuona unamaliza chuo, atakuona unastaafu, na mazikoni kwako atahudhuria.

Chakula usijitie kutuma hela ya chakula cha pakiti, bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, lenyewe likiingia lina wenyewe. Paka wetu anakula samaki, ila achemshwe, atolewe miba mikubwa, yani kama chukuchuku lakini haina chumvi, haina ndimu, haina kitunguu wala thomu. Kitunguu na thomu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kwaivo ile tabia ya kummiminia mchuzi uliobaki kwenye sufuria iachwe. Samaki mbichi mara moja moja hana neno, tatizo ni mbichi kila siku, wako samaki wenye kitu kinachovunja vitamini B1 na paka akilishwa hao tu kwa muda mrefu anaanza kuyumba na shingo inainama kama anatafuta sindano chini. Maziwa paka wengi wakubwa yanawaharisha. Maji tu.

Sasa dawa. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa pili Shombo alipigana, akarudi na jipu shavuni. Bibi akanipigia, mimi niko mlangoni naingia kwenye pepa, nikamwambia bibi nitakupigia jioni. Bibi akamuona paka ana homa anatetemeka, akafanya ambalo angenifanyia mimi, akavunja Panadol, nusu, akaisaga na kichwa cha changu akampa. Jioni napiga simu ananambia uso umevimba, miguu imevimba, anahema kwa nguvu, na fizi zimekuwa rangi ya matope. Nikasema labda ni jipu limepanda. Ndivyo nilivyosema, wallahi, mwanafunzi wa udaktari. Asubuhi hakuamka. Bibi alimzika chini ya mkarafuu, kamfunga kwenye kanga yake.

Mwaka wa tatu tuko darasani kwenye somo la dawa, mwalimu anaeleza parasetamoli, ndiyo hiyohiyo Panadol, kwa paka, kwamba ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama letu, inageuka sumu, damu inashindwa kubeba oksijeni na inakuwa rangi ya chokoleti, uso na miguu inavimba, kidonge kimoja cha kawaida kinatosha kuua paka mzima. Wenzangu wanaandika. Mimi kalamu ilisimama, nikatoka nikaenda kukaa nje kwenye ngazi mpaka kipindi kikaisha.

Bibi mpaka leo hajui, na mitandaoni hayumo, ndio maana nimethubutu kuandika.

Kwa hivyo kabla hujapanda boti bandika karatasi jikoni, maandishi makubwa, hata kama mwenyewe bado uko mwaka wa kwanza. Ya kwangu imeandikwa kwamba paka hapewi dawa yoyote ya binaadamu. Sikuandika Panadol peke yake. Niliandika zote, Panadol, Diklofenaki, Brufeni, Asprini, ili bibi akipita pale asisimame kwenye moja akaanza kukumbuka. Chini yake nikaandika kinachoruhusiwa: jipu lisafishwe kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa, halafu apigiwe bwana mifugo wa wilaya, namba hii hapa. Na iwe namba ya mtu ambaye ushazungumza naye mwenyewe, umemuamkia, anajua wewe ni mtoto wa nani. Paka wa mtu asiyemjua hatamfuata na pikipiki saa mbili usiku. Ikitokea kweli paka kapewa Panadol msisubiri dalili, ziko dawa za kupambana nayo lakini zinataka saa za mwanzo.

Pili, daftari. Najua unaona uvivu, lakini daftari la shilingi mia tano ndilo linalokufanya uwe na maana ukiwa mbali. Bibi haandiki sana, basi nimemkabidhi mdogo wangu wa darasa la sita na nikampa vitu vitatu tu vya kuangalia. Uzito mara moja kwa mwezi: paka anatiwa kwenye pakacha, pakacha linatundikwa kwenye mzani wa babu wa karafuu, unatoa uzito wa pakacha. Paka mkubwa wa kwetu anacheza kwenye kilo 3 mpaka 5, akipungua nusu kilo na hujui sababu hiyo habari nipigie. Pumzi akiwa amelala: hesabu ubavu unavyopanda kwa dakika moja, 20 hadi 30 ni salama, ukipita 40 naye kalala hajakimbia hajacheza, nipigie hata niko kwenye pepa. Na fizi, ziwe za waridi, zikiwa nyeupe, za manjano au za matope, nipigie. Picha ya fizi kwa simu ipigwe nje mwangaza wa jua, si ya taa ya ndani, manake taa inamfanya kila paka awe na homa ya manjano, nimeshalia bure siku moja mpaka nilipoambiwa wapige tena uani.

Watoto wa paka wana mtihani wao. Minyoo waanze kupewa dawa wakiwa na wiki 3, kila baada ya wiki 2 mpaka waache kunyonya, kwa uzito, si kwa kukisia. Na viroboto usidharau, kitoto cha wiki nne kinaweza kukaushwa damu kikafa kwa viroboto tu. Chana kwa chanuo la meno madogo, tumbukiza viroboto kwenye maji ya sabuni. Likizo moja nimemkuta jirani anataka kumuogesha paka kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe ati kupe na kiroboto ni ndugu. Nyingi za dawa zile zinaua paka, anatetemeka mwili mzima, basi hapo nilipiga kelele mpaka ikawa aibu, lakini paka yuko hai na jirani tunasalimiana.

Mavi ya paka yazolewe kila siku, na asizole mwenye mimba. Kuna kimelea kinatoka humo kinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kinahitaji siku moja hadi tano nje ndio kiwe na nguvu ya kuambukiza, kwa hivyo kuzoa kila siku ndio kinga yenyewe. Dada yangu alipobeba mimba wakataka kumtupa paka, nikawaambia mtupeni mchanga, paka muacheni.

Mbwa sasa. Kwetu hafugwi sebuleni lakini wako, wa shamba, wa kulinda, na wewe fani yako huwezi kumkwepa. Suala la najisi usilifanye kisingizio wala usilifanyie mzaha mbele ya wazee. Sisi wa madhehebu ya Shafi mate yake yanaoshwa mara saba, moja kwa udongo, basi mimi nina kopo la udongo safi pembeni ya bomba na nguo za kazi mbali, bibi akiona hivyo hana ugomvi. Ila chanjo ya kichaa cha mbwa lazima, akifika miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Pemba tulishaumaliza ugonjwa huu 2014, ukarudi 2016 kwa kuvushwa kutoka nje ya kisiwa, ukamalizwa tena 2018, sasa wewe unayepanda boti kila likizo usije ukawa ndiye umebeba kibwa cha watu kwenye kikapu bila chanjo wala kibali ati kizuri. Na mtu akiumwa na mbwa jeraha lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima kwa kutazama saa, halafu hospitali siku hiyohiyo kwa sindano, si kesho.

Kuku kwa ufupi: mdondo, wengine huuita kideri, hautibiki, unachanjwa, tone moja la jicho kila miezi mitatu, wachanje wa mtaa mzima siku moja ndio itakusaidia na wako.

Majirani nao utawafanyaje. Ukirudi likizo baraza linageuka kliniki, na raha ipo usikatae, siku mbuzi wa mtu aliyekwama uzazi anatoa watoto wawili mkono wako ukiwa ndani na yule mama anakuletea mkungu wa ndizi, utatembea kifua mbele wiki nzima. Lakini jifunze kusema sijui, niulize mwalimu kwanza. Nilikuwa naona aibu kulisema. Siku hizi nalisema hata kabla sijaulizwa.

Baada ya Shombo nilikaa mwaka mzima sitaki paka. Bibi ndiye aliyemchukua huyu wa sasa, jike, kaja mwenyewe mlangoni siku ya mvua, nami nilikuwa Morogoro sikushauriwa. Hana jina zuri, anaitwa Paka. Juzi usiku nimeamka nakuta meseji ya sauti ya bibi, nikashtuka nikaifungua mikono inatetemeka. Kwanza kimya, nasikia feni, nasikia mtu ananong'ona moja, mbili, tatu, dakika nzima, mpaka mwisho.

"Ishirini na sita. Haya, lala."