Matofali ya udongo-saruji: pima udongo kabla ya kuchora ukuta

Tofali la udongo linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono halichomwi, kwa hiyo halili kuni. Mzigo wake kwa mazingira umo kwenye saruji, na kiasi cha saruji huamuliwa na udongo. Ndiyo maana mwanafunzi wa uzamili wa usanifu majengo anayetaka kuutumia aanzie shimoni.

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na mboji, uchukue wa chini yake. Udongo mweusi wa mbuga uache kabisa: huvimba ukilowa, hupasuka ukikauka. Mchanga wa pwani wenye chumvi nao usiuguse.

Jaza udongo theluthi moja ya chupa ya kioo iliyonyooka, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uiache siku nzima. Mchanga hutua kwanza, mfinyanzi mwisho. Mchanga uzidi nusu. Usiuamini sana unene wa tabaka la mfinyanzi, maana umevimba kwa maji.

Kipimo cha kuamua ni sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Lipake mafuta ndani, lijaze udongo uliolowa vizuri, lianike juani siku 3. Sukuma udongo uliokauka upande mmoja, upime pengo:

- chini ya mm 15: saruji 1 kwa udongo 18
- mm 15–30: 1 kwa 16
- mm 30–45: 1 kwa 14
- mm 45–60: 1 kwa 12

Pengo likizidi hapo, ongeza mchanga na upime upya. Wengi huongeza saruji badala ya mchanga. Hapo faida ya kimazingira inapungua.

Chekecha udongo mkavu kwa wavu wa mm 5. Kwa uwiano wa 1 kwa 16, changanya nusu ndoo ya saruji na ndoo 8 za udongo. Geuza kwa koleo vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, kisha nyunyiza maji kidogo kidogo. Finya konzi moja, uidondoshe toka usawa wa kifua kwenye sakafu ngumu. Ikivunjika vipande 4 au 5, maji yanatosha; ikisambaratika, ni kavu; ikibandikana kama ugali, maji yamezidi. Mchanganyiko huo, ukitumia ndoo ya lita 20, hutoa matofali kama 20 ya sentimita 30 × 15 × 10. Yafyatue ndani ya nusu saa, kabla saruji haijaanza kushika.

Weka mizani kando ya mashine. Kisanduku cha mashine hakibadiliki ukubwa, kwa hiyo tofali jepesi kuliko wenzake halikushindiliwa vya kutosha: livunje, urudishe udongo palepale.

Yapange kivulini, yafunike kwa turubai, umwagilie kila siku kwa siku 7 za mwanzo. Yakikaushwa na jua mapema, saruji hukosa maji ya kukomaa na kingo humomonyoka. Usiyajengee kabla ya siku 28. Siku hiyo zamisha machache majini kwa saa 24. Kona ikisagika kwa kidole, rudi kwenye kipimo cha sanduku la mbao.

Sasa chora: msingi wa mawe au zege uinuke angalau sentimita 30 juu ya ardhi, na paa litokeze vya kutosha kuukinga ukuta na mvua ya upepo.