Kumkadiria mgonjwa wa kubadilishiwa nyonga: je, atahitaji kuongezewa damu?

Mwongozo huu nimewaandikia matabibu na wauguzi wenzangu wa kliniki ya maandalizi ya upasuaji, kwa kuwa hapo ndipo hatari ya kuongezewa damu hupunguzwa, wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji.

Hatua ya kwanza ni kupima wekundu wa damu (himoglobini) wiki 4 hadi 6 kabla ya tarehe iliyopangwa. Hakuna kigezo kinachotabiri kuongezewa damu vizuri kuliko hiki. Ukikuta chini ya gramu 13 kwa desilita, tafuta chanzo, hata kama mgonjwa ni mwanamke na fomu ya maabara inasema 12 inatosha.

Sababu utaiona ukipiga hesabu, nayo ndiyo hatua ya pili. Mwanamke wa kilo 50 ana takribani mililita 65 za damu kwa kila kilo, yaani mililita 3,250. Akianza na wekundu wa 11, atafika 8, kiwango ambacho huanza kufikiriwa kuongezewa damu, baada ya kupoteza mililita 886 hivi. Akianza na 13, anaweza kupoteza 1,250. Mwanamume wa kilo 80 mwenye 14, kwa mililita 70 kwa kilo, atastahimili hadi 2,400. Kumbuka pia kwamba damu nyingine huvujia ndani ya paja baada ya kidonda kushonwa, na haionekani kwenye chupa ya kufyonzea.

Hatua ya tatu, pima feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini. Ikiwa chini ya nanogramu 30 kwa mililita, mgonjwa amepungukiwa madini ya chuma. Mwulize kwa upole ametumia diklofenaki kwa muda gani, kwani wengi huimeza kwa miaka kutuliza maumivu ya nyonga huku tumbo likivuja damu taratibu. Pima na choo, kwa ajili ya minyoo ya safura. Muda ukiwapo, vidonge vya chuma vinatosha. Ukiwa mfupi, chuma hutolewa kwa mshipa.

Kisha andika kwenye faili mambo mengine yanayoongeza hatari: umri mkubwa, ugonjwa wa figo, nyonga inayorudiwa upasuaji, nyonga mbili kwa pamoja, na dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, ambayo mgonjwa asiiache bila maelekezo ya daktari. Mwenye selimundu mshirikishe mtaalamu wa damu mapema, kwani huenda akahitaji damu kabla ya upasuaji, na aliyewahi kuongezewa mara nyingi huweza kuwa na kingamwili zinazofanya damu ya kumfaa ipatikane kwa shida.

Mwisho, kubaliana na mtaalamu wa usingizi kuhusu asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, kwa kawaida gramu 1 kwa mshipa kabla ya kupasua. Baada ya upasuaji, mgonjwa aliye imara asiongezewe damu kwa sababu tu wekundu umefika 9. Kiwango kinachotumika ni 8, pamoja na dalili zake, na hutundikwa chupa moja, kisha anapimwa tena kabla ya kuamua ya pili.