Asilimia 10 ya nini? Soma huo mkataba kabla hujasaini riwaya yako ya mapenzi

Juzi binti mmoja wa Kisauni alinitumia mkataba kwa WhatsApp, PDF ya kurasa 11 na voisi nouti ya dakika 3, anacheka huku analia, dada nimepata, wamekubali mswada wangu, wananipa asilimia 10. Mi nikamjibu kwa swali moja tu, 10 ya nini? Tiki mbili za bluu, na kimya.

Kwa hivo hii namwandikia yeye, na wewe mwengine ambaye uko na hadithi ya mapenzi kwenye laptopu na kuna mchapishaji ashakuita ofisini.

Kwanza jua pale umekwenda ugenini. Wachapishaji wetu wengi wa Kenya wanakula kwa vitabu vya shule, kitabu kikipita KICD, wale wa serikali wanaoidhinisha vitabu vya shule, kikaingia darasani hapo ndo kuna pesa, na hiyo riwaya yako ya Salim na Zuhura kushikana mikono nyuma ya Fort Jesus haiingii darasani hata ufanyeje. Basi utaambiwa ati hizi hadithi za mapenzi haziuzi, na anayekwambia hajawahi kupanda matatu ya Bamburi akaona wasichana wanavosoma hadithi kwa simu mpaka wanapitishwa steji. Hayo maneno ni ya kukushusha bei. Usibishane nayo, lakini pia usiyameze.

Sa tuje kwa hesabu, na hapa tulia kidogo. Tuseme kitabu chako kinauzwa shilingi 800 dukani. Asilimia 10 ya bei ya kitabu ni 80 kwa kila nakala, sawa? Lakini mikataba mingi haisemi hivo, inasema asilimia 10 ya mapato, yaani kile anachopokea mchapishaji baada ya duka kukata chake, na duka likikata asilimia 40 yeye anapokea 480, yako wewe ni 48. Alafu kuna neno la tatu ndo baya kabisa, faida. Faida ni baada ya kutoa printa, mhariri, mchoraji wa kava, lori la kutoka Nairobi na chai ya mkutano, na hiyo hesabu nani anayeifanya? Wao. Nakala 1,000 zikiuzwa unaweza kupata 80,000, au 48,000, au usipate kitu, na asilimia ni ile ile 10. Na juu ya hapo KRA, watu wa kodi, wana asilimia 5 yao ya mrabaha, yaani hiyo pesa yako ya mauzo, inayokatwa kabla pesa haijakufikia, hiyo ni halali, we dai tu cheti cha hiyo kodi.

Usidhani ni huku kwetu tu. Harlequin, ile kampuni iliyoanzia Kanada 1949 na 1971 ikanunua Mills & Boon, vile vitabu vidogo vya mapenzi mama zetu walivokuwa wakivificha chini ya godoro, ilishtakiwa Marekani mwaka 2012 na waandishi wake wenyewe. Mkataba ulikuwa unasema kitabu cha kielektroniki mwandishi anapata asilimia 50 ya mapato. Nusu, wallahi! Lakini waandishi walidai kwamba waliyesaini naye ni kampuni tanzu, yaani kampuni ndogo ya Harlequin hiyo hiyo, huko Uswisi, na hiyo tanzu ikaipa Harlequin yenyewe haki za vitabu kwa asilimia 6 hadi 8 tu ya bei, kwa hivo nusu yao ikawa nusu ya hicho kipande, asilimia 3 au 4. Mahakama ya kwanza iliitupa kesi, ya rufaa ikairudisha 2014, na 2016 pande mbili zikaelewana kwa dola milioni 4.1. Kwa hivo hata nusu unaiuliza, nusu ya nini?

Yangu mimi ni fupi. Nilisaini nimesimama, ofisi ya watu nisiowataja, kalamu yao, mkataba wao, nakala hata sikupewa. Miezi 14 baadaye ikaingia M-Pesa ya shilingi 3,120 bila maelezo, sijui ni ya vitabu vingapi, vya lini, vimeuzwa wapi. Bibi yangu alikuwa akiuza nazi Kongowea na kila jioni anasema mali bila daftari hupotea bila habari, na mi nilikuwa nikiona ni mambo ya wazee.

Ukipewa mkataba usijibu siku hiyo. Sema asante, nitausoma. Uprinti, kaa na kalamu nyekundu, na kama Kiingereza chake ni cha mahakamani mpelekee wakili umlipe ada ya kusoma tu, ni rahisi kuliko kumtafuta baadaye.

Pale palipoandikwa haki zote, dunia nzima, muda wote, hapo weka duara kubwa. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 kazi yako ni yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hivo ukisaini hilo neno umeuza mpaka cha wajukuu. Na sheria hiyo hiyo inataka kuhamisha haki kuwe kwa maandishi na sahihi yako, ndo maana wanataka waandike kila kitu. We waambie unawapa hivi tu: kitabu cha karatasi, lugha ya Kiswahili, Afrika Mashariki, miaka 5. Sauti, filamu, tafsiri na cha kielektroniki, kila kimoja mstari wake na bei yake. Watakataa vengine. Sio neno, lakini wakatae wakiwa wamejua umesoma.

Angalia pia haki zinakurudia lini. Ukiona imeandikwa zitarudi kitabu kikiisha sokoni, huo ni mtego siku hizi, kitabu cha kielektroniki kinaisha vipi? Weka nambari, kwa mfano kikiuza chini ya nakala 50 kwa mwaka, haki zirudi ndani ya siku 90. Na andika itakuaje kampuni ikianguka, maana Dorchester ya New York, wachapishaji wakubwa wa mapenzi, 2010 waliacha ghafla kuchapa vile vitabu vya karatasi na waandishi wakabaki wakilia na mirabaha yao.

Advansi wakikupa, pokea, ila jua ni pesa yako mwenyewe imetangulia, mrabaha utaanza kuuona ikishalipika. Jina la bandia unaloandikia liwe mali yako, si yao. Kitabu chako cha pili usikiahidi kwa bei ya cha kwanza. Na wakikuitisha wewe ulipie uchapishaji, hao sio wachapishaji, we ni mteja wa printa, na basi afadhali uende kwa printa mwenyewe, ISBN, ile nambari ya kukitambulisha kitabu, uchukue kwa maktaba ya taifa KNLS.

Kabla ya yote haya mswada usajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya. Haki unayo tayari hata bila kusajili, lakini siku ya ugomvi karatasi inasema.

Sa la mwisho ndo daftari lenyewe. Mkataba useme stetimenti ya mauzo inakuja mara mbili kwa mwaka, tarehe zimetajwa, na una ruhusa ya kutuma mhasibu kukagua. Isipokuja usipige simu, simu haina ushahidi, andika imeili, kwa upole. Mi ile ya 3,120 niliandika hivi:

"Habari za kazi. Naomba maelezo ya mauzo ya kitabu changu tangu kitoke: nakala mlizochapa, zilizouzwa, zilizorudishwa na maduka, na zilizobaki stoo. Naomba pia nakala ya mkataba tuliosaini. Nitashukuru nikizipata ndani ya siku 14."

Walijibu siku ya tisa. Karatasi mbili, na kwenye safu ya nakala zilizochapwa, toleo la pili. Mimi hata sikujua kama la kwanza liliisha.