Namna ya kujaza kiko ili tumbaku iwake hadi chini ya bori

Mtu anayelalamika kwamba kiko kinamchoma ulimi, kinazimika kila baada ya muda mfupi au kinamtilia maji machungu mdomoni aghalabu huilaumu tumbaku, na asipopata kosa huko hukilaumu kiko chenyewe. Lakini mara nyingi kosa lilikwisha kutendeka kabla njiti ya kiberiti haijawashwa. Kujaza kiko ni kuiwekea hewa njia. Tumbaku ikishindiliwa mno, hewa haipiti, mvutaji hulazimika kufyonza kwa nguvu, na unyevu wa moshi hukusanyika chini ya bori. Ikiachwa huru mno, moto hukimbia juu kwa juu, hupanda ukali kisha hufa, huku majani ya chini yakibaki mabichi.

Maelezo haya ni ya tumbaku peke yake. Bangi imekatazwa na sheria ya Kenya na haimo humu. Ni ya watu wazima pia, kwa kuwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya umri wa miaka 18, na inakataza kuvuta mahali pa umma isipokuwa palipotengwa. Tena asidanganyike mtu kwamba kiko ni salama kwa sababu moshi wake hauvutwi hadi mapafuni: kansa ya midomo, ya ulimi na ya koo huwapata wavutaji wa kiko vilevile.

Kiko kina bori, yaani kikombe kinachobeba tumbaku na moto, na shilamu, mrija unaoingia mdomoni. Bori la kawaida lina upana wa ndani wa milimita 19 au 20 na kina cha milimita 35 hadi 40, na vipimo hivi ndivyo ninavyovichukua hapa. Viko vya dukani vingi ni vya mti wa briari, ambao gogo la shina lake huchimbwa katika nchi za Bahari ya Mediterania kwa sababu halishiki moto upesi. Bori la udongo wa kufinyanga, ambalo wazee wa Nyanza na wa Magharibi walilitumia muda mrefu kabla briari haijafika, hutoa ladha safi kuliko yote lakini huwa la moto sana mkononi. Kuna pia kiko cha gunzi la mahindi. Wamarekani wa mji wa Washington katika jimbo la Missouri wamekuwa wakikitengeneza kwa biashara tangu 1869, wakitumia mahindi yaliyozalishwa makusudi yawe na magunzi manene na magumu. Gunzi la mahindi yetu ya Njoro au Kitale ni jembamba na lina moyo mwororo. Mtu anaweza kulitoboa na kulivuta kwa siku kadhaa, ila ategemee kuona ukuta wake ukitoboka kwa moto.

Tumbaku yenyewe haiko mbali. Inalimwa Migori na Kuria, na upande wa kaskazini inalimwa Malakisi na Teso, na jani kavu, likiwa limekunjwa au kusokotwa, hupatikana katika masoko ya huko. Jani linalokaushwa bandani kwa joto la mabomba hubaki na sukari nyingi, nalo ndilo linalouma ulimi likivutwa kwa pupa. Lile linalokaushwa kwa hewa tu lina sukari kidogo, na moshi wake ni mzito zaidi. Kuna vitu viwili visivyofaa kabisa. Cha kwanza ni ugoro, ambao umesagwa na mara nyingi umechanganywa na magadi. Cha pili ni tumbaku iliyobomolewa kutoka kwenye sigara: imekatwa laini mno, huwaka upesi mno, na kiko kilichojazwa kwayo huwa cha moto katika dakika chache.

Mwenye jani zima aanze kwa kuondoa uti wa katikati, kwa maana uti hauwaki sawa na jani na hutoa ladha kali. Jani likiwa kavu hadi linavunjika, lilainishwe kwanza kwa kuliweka karibu na mvuke wa sufuria kwa muda mfupi. Kisha majani matatu au manne yapangwe, yaviringishwe pamoja na kukatwa kwa kisu kikali kama sukuma wiki, vipande vikiwa na upana wa milimita 2 hivi. Tumbaku ya kusokotwa hukatwa vipande vyembamba vya mviringo, ambavyo hufikichwa kati ya viganja mpaka nyuzi ziachane. Usifikiche hadi kuwa unga, kwa sababu unga huteremka na kuziba tundu la chini ya bori kabla hujavuta hata mara moja.

Baada ya kukata, jambo linaloamua mengi ni unyevu, na hapa mtu wa Kisumu na mtu wa Nakuru hawawezi kufuata ushauri mmoja. Kisumu iko kando ya ziwa, katika mwinuko wa mita 1,130 hivi, na hewa yake nzito huifanya tumbaku iliyoachwa wazi kuvuta maji hadi ikawa na ukungu. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Januari na Februari, vumbi linapotanda, tumbaku hiyohiyo hukauka mkononi mwa mwenyewe. Kipimo ni vidole. Bana kiasi kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha uachilie: ikibaki imeshikana, ina maji mengi, ikipasuka na kumwagika kama vumbi, imekauka kupita kiasi, ikifunguka polepole na kurudi karibu na umbo lake, iko tayari. Iliyo na maji itandazwe juu ya karatasi, ndani ya nyumba na mbali na jua, kwa nusu saa au saa nzima, ukiipima tena kila baada ya muda. Iliyokauka iwekwe ndani ya mkebe wenye kifuniko pamoja na kitambaa chenye unyevunyevu kisichoigusa, ikae usiku kucha. Kuinyunyizia maji moja kwa moja ni haraka isiyo na baraka, kwa kuwa sehemu moja hulowa na nyingine hubaki kavu. Wapo wanaotia ganda la tunda au kipande cha kiazi mkebeni. Mimi siwaungi mkono, kwani kinachofuata aghalabu ni ukungu.

Kabla ya kujaza, puliza kupitia shilamu na uhakikishe kwamba hewa inapita bila kizuizi. Jivu la jana likiwa limeganda kwenye tundu, ustadi wote utakaofuata ni bure.

Weka tumbaku kwenye sahani au gazeti, uichambue kwa vidole ili isiwe na madonge, kisha uidondoshe ndani ya bori kidogo kidogo hadi ifike ukingoni, bila kuikandamiza hata kidogo. Gonga ubavu wa bori kwa kidole mara mbili tatu ili nyuzi zikae zenyewe. Sasa bonyeza kwa uzito mdogo kabisa mpaka tumbaku ishuke na kujaza nusu ya bori. Jaza tena hadi ukingoni na ubonyeze kwa nguvu iliyozidi kidogo, ishuke na kujaza robo tatu ya bori. Mara ya tatu weka iliyozidi ukingo, ubonyeze kwa uthabiti mpaka uso wake ukae milimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bori. Wavutaji wa zamani hufundisha kwamba tabaka la kwanza hubonyezwa kwa mkono wa mtoto, la pili kwa mkono wa mama na la tatu kwa mkono wa mwanamume. Kanuni hiyo ni njema kwa mpangilio wake, ingawa aliyeitunga bila shaka hakuwahi kusalimiana na mama anayepakua samaki katika ufukwe wa Dunga, Kisumu. La kushika ni kwamba chini pawe pepesi na juu pawe pazito zaidi, kwa sababu kila moto unaposhuka, tumbaku ya chini itashindiliwa tena na wewe mwenyewe wakati wa kuvuta.

Tabaka la kwanza ndilo linaloharibu viko vingi kuliko mengine yote. Mwanafunzi huona nafasi tupu chini, huona kwamba tumbaku haijatulia, na huikandamiza. Hapo anakuwa ameweka kizibo juu ya tundu, na hakuna atakachokifanya juu kitakachokiondoa. Afadhali tabaka hilo liwe huru kupita kiasi kuliko liwe gumu.

Baada ya kila tabaka, vuta hewa kupitia shilamu kabla ya kuwasha. Usikie ukinzani mdogo tu, pasipo mashavu kulazimika kuingia ndani. Hewa ikipita kana kwamba bori ni tupu, ongeza tumbaku. Ikikataa, mwaga yote na uanze upya. Watu wengi hawapendi kumwaga, nao hujaribu kutoboa kwa waya ili kuokoa muda, lakini tundu la waya huwa njia moja ya moto, na tumbaku ya pembeni hubaki ikikuangalia. Kipimo cha pili ni kubonyeza uso wa tumbaku kwa kidole: inapaswa kushuka kidogo na kuinuka tena. Isiyoinuka imeshindiliwa mno au ina maji.

Kuwasha kuna hatua mbili, na anayeruka ya kwanza atawasha mara nyingi. Tumia njiti ya kiberiti, uiache iungue kwa sekunde mbili au tatu ili harufu ya kemikali za kichwa chake iishe, kisha uizungushe juu ya uso wote wa tumbaku huku ukivuta kwa upole. Tumbaku itainuka na kujikunja. Iache izimike, au usaidie kuizima, ulaze majani hayo kwa kifaa cha kushindilia, kisha uwashe mara ya pili. Safari hii moto utakaa. Kifaa cha kushindilia hakihitaji kuagizwa ng'ambo: msumari wa inchi 4 wenye kichwa bapa, uliosafishwa, hufanya kazi hiyo vizuri sana, na ncha yake hutumika kuchokoa jivu. Kibiriti cha petroli huacha ladha yake kwenye tumbaku. Cha gesi kinavumilika. Alasiri, upepo unapoingia Kisumu kutoka ziwani, ukinge kwa kiganja au uingie ndani ya ua wako, kwa sababu upepo huvuta moto badala yako na kuuongeza ukali bila wewe kujua.

Kuanzia hapo kazi ni ya utulivu. Vuta kidogo kidogo, moshi ukae mdomoni na utoke; usiumeze wala kuuingiza mapafuni. Nikotini ya kiko hupita kwenye ngozi ya ndani ya mdomo, hasa kwa tumbaku iliyokaushwa kwa hewa, na mtu asiyezoea anaweza kupata kizunguzungu, kwikwi au kichefuchefu akiwa bado hajafika nusu ya bori. Akiona dalili hizo, aweke kiko chini, anywe maji, asubiri. Shika bori mkononi mara kwa mara: likiwa la moto hadi huwezi kulishika, acha lizimike. Kuzimika si aibu. Laza jivu kwa msumari, kwa uzito wa msumari wenyewe tu, kisha washa tena. Kwa bori la udongo kipimo hiki cha mkono hakifai, kwa kuwa huwa la moto hata mvutaji akiwa mpole. Hapo tegemea ulimi, na ukianza kuwashwa, pumzika.

Ukisikia kiko kinakoroma, maji yamekusanyika. Pitisha waya laini wenye nyuzi hadi chini ya bori, au bua jembamba la nyasi kavu ikiwa njia ya kiko chako imenyooka, ulitoe likiwa limelowa na uendelee. Kikikoroma kila siku, tatizo limo katika unyevu wa tumbaku au katika lile tabaka la kwanza.

Kiko kipya cha briari kijazwe hadi nusu tu kwa mara za mwanzo, ili ukuta wa ndani ujipake masizi magumu yanayoukinga na moto. Masizi hayo yasizidi milimita 1 au 1.5, yakizidi, yakwanguliwe kwa uangalifu, kwani tabaka nene hupanuka kwa joto na linaweza kulipasua bori. Udongo hauhitaji kinga hiyo, na bori la udongo lililochafuka lilikuwa likisafishwa kwa kurudishwa motoni hadi likawa safi, njia ambayo bado inafaa mradi shilamu imeondolewa kwanza.

Mwisho wa bori hubaki tumbaku kidogo iliyolowa. Iache, haina ladha njema na kuilazimisha kuwaka kunachoma ukuta. Usichomoe shilamu wakati kiko kina joto, maana kiungo hupanuka na kinaweza kupasuka. Subiri kipoe, kung'uta jivu ndani ya mkebe wenye udongo, kamwe si kwenye nyasi, hasa Nakuru wakati wa kiangazi ambapo miteremko ya Menengai hushika moto kwa cheche. Safisha njia yote, weka kiko bori likiwa chini na shilamu juu, na ukiache kikauke siku nzima kabla ya kukijaza tena. Tumbaku ambayo hukuijaza irudi mkebeni, na mkebe uwekwe mahali ambapo watoto hawafiki, kwa kuwa jani hilo likimezwa ni sumu.