Kupima ultrasaundi ya masafa ya juu: anza na ncha ya haidrofoni

Kabla ya kujaza tangi maji, chukua karatasi upige hesabu moja. Sauti husafiri majini kwa mita 1,482 kwa sekunde, maji yakiwa na nyuzi joto 20 za Selsiasi. Igawe kasi hiyo kwa masafa unayotaka kupima, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kwa megahezi 1, urefu wa wimbi ni kama milimita 1.5. Kwa megahezi 10 ni mikromita 148. Kwa megahezi 40 ni mikromita 37 tu, wembamba kuliko unywele wa watu wengi. Namba hiyo ndiyo inayoamua ni haidrofoni gani, yaani kihisio cha sauti ya majini, uiingize majini, na mimi nilichelewa kuiheshimu.

Nilikuwa napima transdusa (kifaa kinachotoa ultrasaundi) ya megahezi 40, uso wake kipenyo cha milimita 4, fokasi yake, yaani mahali mwale unapokusanyika, milimita 8 mbele. Nikachukua haidrofoni ya sindano yenye ncha ya kipenyo cha mikromita 200 kwa sababu ndiyo iliyokuwa na usikivu mkubwa kuliko zote nilizokuwa nazo. Mstari kwenye osiloskopu, chombo kinachochora ishara ya umeme kwenye kioo, ulitulia, ishara ikawa safi, nikaandika shinikizo nikaridhika. Siku tatu baadaye nilirudia kwa sindano ya mikromita 40. Ishara ilikuwa ndogo na yenye kelele, lakini shinikizo lilitoka karibu mara 2 na nusu ya lile la kwanza.

Sindano kubwa haikuwa mbovu. Kwenye fokasi ya transdusa ile, mwale una upana wa mikromita 100 hivi, ukipima pale shinikizo linaposhuka hadi nusu ya lile la katikati. Uso wa mikromita 200 unafunika mwale wote na ziada, kwa hiyo unachanganya katikati penye nguvu na pembeni pasipo na kitu, kisha unakupa wastani. Wastani huo unaonekana mzuri kabisa kwenye kioo. Hakuna taa nyekundu itakayowaka kukuonya.

Jambo hili naliwekea uzito kwa sababu ya anayepimwa mwishoni. Ultrasaundi ya masafa haya hutumika kutazama ngozi na sehemu ya mbele ya jicho. Nchini Marekani, kiwango cha juu cha fahirisi ya kimekanika (kipimo cha hatari ya wimbi kuumiza tishu kwa mtikiso na viputo) kwa vifaa vya uchunguzi ni 1.9, lakini kwa jicho ni 0.23. Fahirisi hiyo hupatikana kwa kugawa shinikizo hasi la kilele, kwa megapaskali, baada ya kupunguza kile ambacho tishu zingemeza, kwa kipeuo cha pili cha masafa kwa megahezi. Ukisoma shinikizo nusu ya lilivyo, fahirisi nayo inatoka nusu, na kifaa kinaonekana salama kuliko kilivyo.

Ukubwa unaofaa wa ncha ni nusu ya urefu wa wimbi au chini yake. Kwa megahezi 40 hiyo ni mikromita 18, na sindano ndogo kiasi hicho ni ngumu kuipata. Ikibidi utumie kubwa zaidi, hesabu kwanza upana wa mwale, kadiria kiasi kinachopotea, na uandike makadirio hayo kando ya jibu.

Sasa uchaguzi wenyewe. Kuna vihisio vya piezoelektriki na vya faiba (uzi wa kioo unaopitisha nuru), na watu hupenda kuuliza kipi ni bora. Mimi huuliza kwanza shinikizo ni kubwa kiasi gani.

Piezoelektriki ni jambo la zamani: ndugu Pierre na Jacques Curie walionyesha mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa chaji ya umeme. Kilichozifaa sana haidrofoni ni plastiki iitwayo PVDF, ambayo mtafiti Mjapani Kawai alionyesha mwaka 1969 kwamba ikivutwa na kuwekwa kwenye uga mkali wa umeme hupata tabia hiyo kwa nguvu. Uzuri wake ni kwamba ukinzani wake kwa sauti hauko mbali sana na wa maji, kwa hiyo wimbi linaingia badala ya kurudishwa lote. Haidrofoni ya utando ni filamu ya PVDF iliyotandazwa kwenye pete, na kidoa kidogo tu cha katikati ndicho kinachosikia. Filamu ya mikromita 9 huanza kuvuma yenyewe karibu na megahezi 120, na chini ya hapo mwitikio wake hupanda taratibu bila mabonde ya ghafla. Sindano hupenya mahali pembamba, lakini mawimbi yanayopinda kwenye ukingo wa ncha yake huufanya mwitikio uwe na milima na mabonde.

Faiba nazo ziko za aina mbili, na ni kosa kuzizungumzia kama kitu kimoja. Ya kwanza ni uzi mtupu wa kioo. Nuru ya leza hufika kwenye ncha, na kwa kuwa fahirisi ya mpindo wa nuru ya kioo ni 1.45 na ya maji 1.33, takriban asilimia 0.2 ya nuru hurudi. Shinikizo likiyabana maji, fahirisi yao hupanda kidogo na nuru inayorudi hupungua. Kidogo kweli: megapaskali 1 hubadilisha nuru hiyo kwa sehemu 1 kati ya 400 hivi. Njia hii ilielezwa na Staudenraus na Eisenmenger wa Ujerumani mwaka 1993 kwa ajili ya mawimbi makali, na huko ndiko inakong'aa. Ncha ikivunjwa na viputo, unakata uzi na kuendelea. Aina ya pili ina filamu nyembamba ya polima kwenye ncha, kati ya vioo viwili vya kuakisi nuru, na shinikizo huibana filamu hiyo. Usikivu wake ni mkubwa zaidi kwa mbali, ila huwezi kuikata ukaendelea, kwa sababu filamu inaondoka na kipande ulichokata.

Usidanganywe na namba moja ya faiba. Ni kweli nuru husikia kwenye eneo la mikromita 10 hivi. Lakini uzi mzima una kipenyo cha mikromita 125, na wimbi linauona uzi mzima. Mawimbi ya ukingoni hukimbilia katikati na kuvuruga mwitikio, kwa hiyo hata faiba inahitaji cheti cha kalibresheni, yaani cha usikivu wake uliopimwa, kinachotaja kila masafa.

Kwa ishara dhaifu nachukua PVDF. Kwa shinikizo la megapaskali nyingi, joto kali, au mahali penye kelele za umeme, nachukua faiba. PVDF haipendi joto, na viputo vinavyopasuka vinaweza kuiharibu moja kwa moja.

Maji yawe yameondolewa ayoni na hewa. Zamisha haidrofoni angalau nusu saa kabla ya kupima, kisha mulika tochi kwa pembeni utafute viputo kwenye ncha na kwenye uso wa transdusa. Andika joto la maji, maana kasi ya sauti hubadilika kwa kama mita 3 kwa sekunde kwa kila nyuzi 1. Pia kumbuka maji yenyewe humeza sauti, na umezaji huongezeka kwa mraba wa masafa. Kwa megahezi 40 ni desibeli 3.5 kwa sentimita. Katika milimita 8 zangu, shinikizo lilikuwa limepungua kwa asilimia 28 kabla halijaigusa sindano.

Kutafuta ishara, tumia muda. Milimita 8 ni mikrosekunde 5.4. Kitu kinachoonekana kwenye sifuri, wakati ule ule transdusa inapopigwa kwa umeme, ni umeme uliorukia kwenye kebo. Ukiwa na shaka, rudisha haidrofoni nyuma milimita 1. Sauti itachelewa mikrosekunde 0.67, umeme hautasogea. Jaribio hilo huchukua nusu dakika, nami hulifanya kila mara.

Ukiipata ishara, sogeza kushoto na kulia, juu na chini, kwa hatua za mikromita 10, kisha rekebisha pembe. Pembe ina ukali wake: kwa megahezi 40, sindano ya mikromita 200 hupoteza nusu ya ishara ikiinama nyuzi 7 tu, wakati ya mikromita 40 huvumilia hadi kama nyuzi 40. Kila ukigusa pembe, ncha inahama, kwa hiyo rudi kwenye kusogeza. Zunguka hivyo mpaka kilele kisipande tena.

Kwenye osiloskopu, angalia cheti kinasema haidrofoni ilikalibrishwa ikiwa na mzigo gani, omu 50 au megaomu 1, na amplifaya gani. Ukibadilisha, namba ya cheti haikuhusu tena. Hesabu yenyewe ni rahisi: milivolti 12 kutoka kwa sindano yenye usikivu wa nanovolti 6 kwa paskali ni megapaskali 2. Lakini usianze na nguvu kubwa. Anza chini, ongeza volteji mara 2, uone kama shinikizo nalo limeongezeka mara 2. Ikifika mahali kilele chanya kinakuwa kirefu na chembamba huku hasi kikibaki butu, maji yameanza kuligeuza wimbi na kuzaa hamoniki, yaani masafa ya ziada yaliyo mara 2, mara 3 na kuendelea ya yale ya awali. Hapo namba moja ya usikivu haitoshi. Lazima uigawe spektra ya volteji (ishara ikiwa imetenganishwa kwa masafa) kwa usikivu wa kila masafa, pamoja na fezi (tofauti ya muda kati ya mitetemo), ndipo urudi kwenye wimbi.

Kwa faiba, kelele hupunguzwa kwa wastani: mapigo 256 huipunguza mara 16. Hii haisaidii kwa kiputo kinachotokea mara moja. Kabla ya kukata uzi, vaa miwani, menya gamba, futa kwa spiriti, na vipande vya kioo viingie kwenye chombo chenye kifuniko. Usiutazame mwisho wa uzi leza ikiwa imewashwa, maana nuru yake mara nyingi haionekani kwa macho. Baada ya kukata, linganisha nuru inayorudi na ile ya zamani kabla ya kupima chochote. Ikiwa imeshuka, mkato umekwenda mshazari, kata tena.

Mwisho wa siku mimi hurudia kupima transdusa moja ninayoijua, kwa mkao ule ule wa asubuhi. Jibu likihama, vipimo vyote vya katikati navirudia. Na katika daftari, kila shinikizo huliandikia pembeni kipenyo cha ncha iliyolipima.