Jinsi ya kuangalia Bowling for Columbine na watu msiokubaliana nao, na mkamaliza mkiwa bado mnaongea

Tarehe 23 Machi 2003 Michael Moore, aliyetengeneza filamu hii, alitajwa mshindi wa Oscar ya dokumentari bora, ukumbi ukasimama kumpigia makofi, akapanda jukwaani akaanza kumsema Rais Bush na vita ya Iraq ambayo hata wiki ilikuwa haijafikisha, na ukumbi uleule ukaanza kumzomea huku wengine wakizidi kushangilia. Watu walewale, dakika hiyohiyo. Sasa na we ukiiweka hii filamu mbele ya watu wanane tisa jua hicho ndo kitakachokukuta, ila kwako hakuna muziki kama wa Oscar wa kumtoa mtu jukwaani, itabidi umtoe mwenyewe.

Kwa ambaye hajaiona: ni ya 2002, inaenda kama masaa mawili, inaanzia kwenye mauaji ya shule ya sekondari ya Columbine kule Colorado, 20 Aprili 1999, wanafunzi wawili waliingia na silaha wakaua wanafunzi wenzao 12 na mwalimu mmoja halafu wakajiua. Moore anazunguka anauliza swali moja tu, kwanini Wamarekani wanapigana risasi kiasi hiki? Tamasha la filamu la Cannes waliipa tuzo, Ufaransa wakaipa tuzo yao ya César ya filamu bora ya nje, nyumbani kwao Marekani ikagawa watu mpaka leo.

Nishakaa kwenye mijadala ya hii filamu mara kadhaa, na nilichokiona ni kwamba wengi hawaijibu filamu iliyo kwenye skrini, wanaijibu ile waliyokuja nayo kichwani. Kwaiyo kazi yako we unayeandaa siyo kuwapatanisha watu, ni kuwatoa kwenye filamu ya kichwani uwalete kwenye hii inayocheza. Nifanyavyo mimi ni hivi.

Kabla hujabonyeza chochote, mpe kila mtu kipande cha karatasi aandike sentensi moja: hii filamu itasema tatizo ni nini. Asisaini jina, akunje, akae nayo mwenyewe. Karibu wote wataandika kitu kama "itasema bunduki zipigwe marufuku", anayezipenda bunduki ataandika hivo kwa hasira na asiyezipenda ataandika hivohivo kwa furaha. Halafu filamu inaanza, wanakutana na Moore aliyekulia Michigan, utotoni alishinda tuzo ya kulenga shabaha, na ni mwanachama wa maisha wa NRA, yaani chama chenyewe cha wamiliki wa bunduki. Baadae anavuka mpaka anaenda Kanada, anakuta huko nako bunduki zimejaa, filamu inataja milioni 7 kwenye nchi ya familia kama milioni 10, na bado hawauani vile. Maana yake hoja yake siyo bunduki peke yake! Anaelekea kwenye woga, habari za runinga zinazotisha watu kila usiku, umaskini, ubaguzi wa rangi. Unaweza kumkatalia hiyo hoja vizuri tu, ila umkatalie hiyo, siyo nyingine.

Kitu kingine cha kabla. Ndani kuna picha za kamera za ulinzi za shule yenyewe na sauti za simu za dharura za siku ile. Waambie watu mapema, na waambie kwamba ukitaka kutoka toka tu hakuna atakayekuuliza. Usifanye mzaha hapo kwamba "wenye roho nyepesi watoke", kuna mtu ana ndugu yake aliyekufa kwa risasi na hajawahi kukuambia. Mi nilijifunza hili vibaya, dada mmoja alinyanyuka katikati akaenda kukaa nje, na mimi kwa ujinga wangu nikamfuata kumuuliza "vipi umeboreka?"

Sasa sheria moja tu ya mjadala, na hii usiiachie hata kidogo: taja dakika. Anayesema "huyu jamaa mwongo" ataje dakika gani kadanganya, anayesema "ukweli mtupu" naye ataje dakika gani imemshawishi. Asiyeweza kutaja anasubiri zamu nyingine. Utaona vile kelele zinapungua, na utaona pia kwamba wale wa "mwongo" mara nyingi wana dakika nzuri kweli, na wale wanaomtetea Moore hawapendi hilo. Usiifiche hiyo hali. Filamu ina makosa na mengine siyo madogo.

La kwanza la kusimamisha ni Heston. Charlton Heston, yule mwigizaji, alikuwa rais wa NRA kuanzia 1998 mpaka 2003. Filamu inakuonyesha majonzi ya Columbine, halafu paa, Heston kanyanyua bunduki juu anasema wataichukua labda kutoka kwenye mikono yake iliyokufa ikapoa, ukumbi unashangilia, halafu unaambiwa NRA walifanya mkutano Denver, jirani na Columbine, siku chache tu baada ya mauaji pamoja na kwamba meya aliwaomba wasije. Mtazamaji anatoka na picha kwamba mzee alienda kunyanyulia wafiwa bunduki. Mkutano wa Denver ni kweli, ulikuwa 1 Mei 1999, meya ni kweli aliwaomba wasije. Ila lile la mikono ni la mwaka mmoja baadae, Mei 2000, na lilikuwa Charlotte, North Carolina. Na Denver walikuwa wamefuta sehemu kubwa ya shughuli zao wakabakiza mkutano mkuu wa wanachama. Hakuna klipu iliyotengenezwa, kila kipande ni halisi, uongo kama upo uko kwenye mshono, pale vipande vinapounganishwa.

Hapo wafundishe watu kuangalia mshono. Kipande kikiruka, angalia tai ya mtu, pazia la nyuma yake, maiki iliyo mbele yake. Sikiliza kama sauti inaendelea huku unaonyeshwa nyuso za watazamaji, maana mara nyingi ndo pale maneno yanapokatwa na kuunganishwa. Rudisheni nyuma mara mbili tatu, watu wanapenda sana hii, inageuka kama mchezo na wale waliokuja na hasira wanasahau kidogo walikuja na hasira.

Na ili asije mtu akaona huo ni ugonjwa wa Moore tu, watajie dokumentari ya Under the Gun ya 2016, ile ya mtangazaji wa runinga Katie Couric. Mule kuna kipande anawauliza watetezi wa bunduki wa Virginia swali gumu kuhusu kukagua wanunuzi, na kwenye filamu wanaonekana kimyaaa kwa sekunde kadhaa kama waliopigwa bumbuwazi. Bahati mbaya kwa waandaaji wale jamaa walikuwa wamejirekodi sauti wenyewe, na kwenye rekodi yao wanajibu palepale. Ukimya ulipachikwa kwenye editi. Couric akaomba radhi, wakamshtaki, mahakama ikaitupa kesi. Kisheria ilipita, ila hakuna kitu kimewapa wapenda bunduki sababu ya kutoamini dokumentari kama zile sekunde. Mi hii huwa inaniuma zaidi ya Heston, kwasababu walikuwa na majibu mbele yao, wakaamua ukimya unauza zaidi.

Kuna mengine madogo, yapite haraka. Jina la filamu linatokana na stori kwamba wale vijana wauaji walienda darasa la bowling (mchezo wa kuviringisha mpira kuangusha pini) asubuhi ile, wachunguzi baadae walisema hawakwenda. Kiwanda cha Lockheed Martin karibu na Littleton, mji ulio jirani na shule ile, filamu inakiweka kama cha silaha za maangamizi, wakosoaji wakajibu pale zilikuwa zinatengenezwa roketi za kurushia satelaiti. Benki inayokupa bunduki ukifungua akaunti, ile promosheni ilikuwepo kweli ila kuna mabishano jinsi tukio lilivyopangwa mbele ya kamera. Na kale kakatuni ka historia ya Marekani watu wengi wanadhani kalitengenezwa na wale wa katuni ya runinga ya South Park, siyo wao, na Matt Stone, mmoja wao, aliyehojiwa humo hakufurahi kabisa.

Namba sasa. Hapa chukua kalamu na kikokotoo cha simu, maana ndo sehemu ninayoipenda na ndo sehemu ambapo pande zote mbili huwa zinakosea kwa pamoja. Filamu inakutupia idadi ya waliouawa kwa bunduki kwa mwaka: Japani 39, Australia 65, Uingereza 68, Kanada 165, Ufaransa 255, Ujerumani 381, halafu Marekani 11,127. Mtu akiona hivo anaguna. Anayeipinga filamu atasema ohoo, Marekani ina watu wengi, hujagawanya. Na yuko sahihi kabisa, haikugawanywa. Basi gawanyeni pamoja, msiishie kulalamika. Marekani ya wakati ule weka watu kama milioni 280, unapata takribani watu 4 kwa kila laki moja. Kanada weka milioni 31, unapata kama nusu mtu kwa laki. Kwaiyo ile tofauti ya mara 67 iliyokuwa inatisha kwenye skrini inashuka mpaka mara saba na nusu hivi. Imeshuka sana. Na mara saba na nusu bado ni balaa. Japani ndo hata ukigawanya haikusaidii, milioni 127 na watu 39, Marekani inabaki juu zaidi ya mara mia.

Acha watu wakae na hizo namba kidogo kabla hujaendelea. Nimeona mtu wa timu bunduki akifurahi kwamba 67 imekuwa 7, halafu akanyamaza mwenyewe. Na nimeona wa upande wa pili akikasirika kwamba kwanini umeiharibu namba nzuri. Huyo wa pili ndo wa kumkalia, muulize taratibu kama hoja yako inasimama kwa mara saba, ya 67 ulikuwa unaitakia nini.

Halafu ongeza kitu ambacho filamu imekiacha karibu chote: wanaojiua. Marekani mwaka 2021 walikufa kwa bunduki watu 48,830, na kati yao 26,328 walijiua wenyewe, waliouawa ni 20,958. Waliojiua ni zaidi ya nusu, yaani. Huyo mtu hajauliwa na jirani anayemuogopa, wala habari za runinga hazikumtisha, alikuwa peke yake na bunduki ilikuwa droo ya karibu. Nadharia ya woga haimgusi. Kama kuna lawama moja ningeipa hii filamu ni hiyo, siyo mikono ya Heston. Ukilileta hili ongea kwa sauti ya chini na usilifanye la kubishania, na mtu akikaa kimya usimlazimishe aseme kitu.

Simamisha tena kabla ya tukio la mwisho. Nakusisitiza hapa, kabla, usisubiri liishe. Moore anaenda nyumbani kwa Heston, mzee anamkaribisha vizuri tu, wanakaa, anaulizwa kwanini Marekani wanauana kuliko wengine, anajikanyaga, anataja historia, anataja mchanganyiko wa asili za watu, mwisho anainuka anaondoka, na Moore anaacha mlangoni picha ya mtoto wa kike wa miaka 6 aliyepigwa risasi shuleni na mtoto mwenzake wa miaka 6, karibu na Flint, mwaka 2000. Heston alikuwa na miaka sabini na kitu, na Agosti 2002, kabla filamu haijaingia sinema za Marekani, alitangaza ana dalili zinazofanana na za Alzheimer's, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mahojiano yalifanyika kabla ya tangazo hilo. Ukiacha filamu ikaenda moja kwa moja mpaka mwisho, mjadala wako wote utakuwa ni hiyo tu: alimuonea mzee au hakumuonea. Masaa mawili ya filamu yatayeyuka, Kanada hakuna, namba hakuna, watu wanagombania adabu. Kwaiyo jadilini kila kitu kwanza, mwisho kabisa ndo mmalizie hilo, na muulizane vitu viwili: lile swali lilihitaji kuulizwa kwa mtu mwenye cheo kile au halikuhitaji, na picha ya mtoto aliiacha kwa ajili ya Heston au kwa ajili ya kamera. Mi nadhani swali lilikuwa halali na picha ilikuwa ya kamera. Utapata watakaoona kinyume chake kabisa na wana dakika zao za kutaja.

Kama muda unabaki rudi kidogo kwenye kipande cha Marilyn Manson, mwanamuziki aliyelaumiwa sana baada ya Columbine, akaulizwa angewaambia nini vijana wa Columbine na watu wa pale akasema asingewaambia neno, angewasikiliza. Watu wa pande zote huwa wanakikubali, sijui kwanini, labda kwasababu hakuna aliyekuja akitegemea kumkubali yule.

Zile karatasi za mwanzo usizikusanye wala usizisome kwa sauti. Waambie tu wafungue waangalie walichoandika. Wengine watacheka, wengine watachana, waache wachane.